Mshipa, Ukano na Uzi wa Neva: Historia ya Jina la Kiungo katika Nchi ya Kimana

Katika Kiswahili cha leo, kiungo kinachopeleka hisia kutoka ngozini hadi ubongoni na kurudisha amri za ubongo hadi kwenye misuli huitwa neva, na kila uzi mmoja mwembamba ulio ndani yake huitwa uzi wa neva. Majina hayo mawili ni mageni. Kabla hayajaingia vitabuni, kiungo hicho kilitajwa kwa neno mshipa, ambalo tayari lilikuwa limebeba maana ya njia za damu, na mara nyingine kilichanganywa na ukano, yaani kamba nyeupe ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Historia ya maneno haya inaweza kusomwa katika kamusi peke yake, lakini ikisomwa hivyo itafanana na historia ya waandishi na kalamu zao tu. Ikifuatwa katika nchi ya wafugaji, ambako mwili wa mnyama umefunguliwa, umekatwa na umegawanywa kwa karne nyingi na watu wasioandika, hudhihirika jambo jingine: kwamba kiungo hupata jina lake mahususi pale kinapopata kazi mahususi mikononi mwa watu, na kwamba neva, kwa kuwa haikuliwa, haikushonewa wala haikutoa damu, ilikaa muda mrefu bila jina la peke yake.

Kimana ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hiyo. Mji huo uko kusini mwa Kaunti ya Kajiado, katika barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro na mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Amboseli, iliyotangazwa mwaka 1974. Chemchemi zinazotokana na maji ya mlima hulisha kinamasi cha Kimana, na kwa sababu ya maji hayo ardhi ambayo zamani ilikuwa malisho ya kiangazi ya Wamaasai wa ukoo mkuu wa Ilkisongo imekuwa pia mashamba ya nyanya, vitunguu na mahindi, yanayolimwa na watu waliotoka sehemu nyingi za Kenya na Tanzania. Sheria ya ardhi za vikundi ya mwaka 1968 iliigeuza sehemu kubwa ya nchi hiyo kuwa ranchi za pamoja, ya Kimana ikiwa mojawapo, na mwaka 1996 wanachama wake walifungua hifadhi ya jamii kwa ajili ya wanyamapori. Kaskazini mwa kaunti hiyohiyo, karibu na Nairobi, upo mji wa Kitengela, katika nchi ya zamani ya Wamaasai wa Ilkaputiei, na kati ya miji hiyo miwili husafiri ng'ombe, mbuzi, mboga, na pia maneno. Katika soko la Kimana Kimaasai husikika pamoja na Kikamba, Kikikuyu, Kichaga na Kisomali, na lugha inayowakutanisha wote wanapopatana bei ya mnyama au wanapomweleza mganga maumivu yao ni Kiswahili.

Ujuzi wa kwanza wa mishipa katika nchi hii ulitokana na damu ya ng'ombe aliye hai. Wamaasai, kama wafugaji wengine wa Afrika Mashariki, walikuwa na desturi ya kumtoa ng'ombe damu bila kumwua: shingo ya mnyama ilifungwa kwa ukanda wa ngozi hadi mshipa mkubwa wa pembeni mwa shingo uvimbe na kuonekana, kisha mshale mfupi, uliowekewa kizuizi karibu na ncha ili usizame mno, ulipigwa kutoka karibu sana, na damu ikakingwa katika kibuyu. Ukanda ulipofunguliwa damu ilipungua, tundu likabanwa na kuzibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Desturi hiyo ilitegemea maarifa ambayo elimu ya tiba huyaeleza kwa maneno yake: mshipa uliochomwa ni vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ambao uko karibu na ngozi na ambao damu yake haisukumwi kwa nguvu, ilhali ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hulala ndani zaidi na ikitobolewa hutoa damu kwa mapigo yasiyozuilika kwa urahisi. Damu hiyo, mara nyingi ikichanganywa na maziwa, ilipewa mama aliyejifungua, kijana aliyetoka kutahiriwa, na mgonjwa aliyepoteza nguvu. Kwa hiyo mfugaji aliujua mshipa kama njia iliyo wazi ndani, inayojaa na kupungua, na hiyo ndiyo sura ambayo neno mshipa limeendelea kuibeba katika Kiswahili hata linapotumiwa kwa kitu kisicho na uwazi wowote.

Ukano nao ulijulikana kwa kazi yake. Mnyama alipochinjwa, kano ndefu za mgongoni na za miguuni zilitengwa na nyama, zikakaushwa na kuchambuliwa kuwa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zilizotumika kushona mavazi ya ngozi na kutunga shanga kabla ya uzi wa madukani na wa nailoni kufika. Hata majeraha ya watu yalishonwa kwa vifaa vya jinsi hiyo, mwiba wa mgunga ukiwa ndio sindano. Ukano uliofaa ulikuwa mweupe, mrefu, usiokatika upesi, na unaoweza kupasuliwa katika nyuzi nyembamba zaidi na zaidi bila kupoteza nguvu. Sifa hizo, isipokuwa ya nguvu, ni sifa za neva pia, kwa kuwa neva kubwa ya mguu wa ng'ombe ni kamba nyeupe iliyofanyizwa kwa mafungu ya nyuzi, na mtu anayeikuta pembeni mwa mfupa wa paja bila kuwa na sababu ya kuichunguza ataichukua kuwa ukano laini usio na faida. Neva haikazi, haivutiki kama ukano, na haishoni, kwa hiyo katika mgawanyo wa nyama haikuwa na fungu lake.

Hata hivyo, upo utaratibu mmoja ambao uliwafikisha wafugaji kwenye kiini cha mfumo wa neva. Kando ya njia ya kumziba ng'ombe pumzi, iliyotumika hasa katika sherehe, Wamaasai walikuwa na njia ya kumwua fahali kwa kumchoma kisu kisogoni, mahali fuvu linapoungana na pingili ya kwanza ya shingo. Mahali hapo pana uwazi mdogo kati ya mifupa, na ndani yake hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayotoka ubongoni na kushuka ndani ya uti wa mgongo. Kisu kikiingia hapo kwa usahihi mnyama huanguka papo hapo, kwa sababu mawasiliano kati ya ubongo na miguu yamekatwa. Njia zote mbili zilikuwa na faida iliyothaminiwa: damu haikumwagika ardhini, bali ilibaki mwilini, na mnyama alipofunguliwa ilikusanyika katika mfuko wa ngozi ya shingo iliyochunwa kwa uangalifu, ikanywewa hapohapo. Katika olpul, kambi ya msituni ambako vijana wa rika la wapiganaji walikaa kula nyama na kunywa supu ya dawa, kisu cha kisogoni kilikuwa sehemu ya ujuzi ambao mkubwa alimfundisha mdogo kwa kumwonyesha. Mtu aliyefundishwa hivyo alijua kwamba ndani ya shingo kuna kitu kimoja ambacho kikiguswa mwili mzima hulegea, hata kama hakukiona kuwa ni jamaa wa ile kamba nyeupe ya pajani.

Wafanyabiashara wa pwani walipopita katika nyanda hizi pamoja na misafara ya pembe za ndovu, wakitokea Mombasa na Pangani na kupumzika Taveta, walikuja na lugha yao na pia na kisu cha namna nyingine. Kwa Mwislamu mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na uchinjaji unaokamilika hukata koromeo la pumzi, umio wa chakula, na mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo, ili damu itoke. Sheria hiyo hiyo inagusa neva kwa njia ya katazo, kwa maana wanazuoni wamelihesabu kuwa makuruhu, yaani jambo linalochukiza ingawa halikuharamishwa, kukipitisha kisu hadi kwenye ugwe mgongo kabla roho ya mnyama haijatoka. Hivyo ndivyo desturi mbili zilivyokutana chini ya Kilimanjaro, moja ikianza mahali ambapo nyingine imeamriwa kukoma. Mmaasai alihifadhi damu na kuukata ugwe, mchinjaji wa pwani aliimwaga damu na kuuhifadhi ugwe, na kila mmoja alihitaji kujua kwa uhakika kitu hicho kilipo.

Katika karne ya 20 kisu cha pili ndicho kilichoenea katika biashara. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyowaondoa Wamaasai katika malisho yao ya kaskazini na kuwakusanya katika hifadhi ya kusini, iliwafunga wafugaji wa Kajiado katika eneo dogo zaidi, na serikali ya kikoloni, ambayo kwa miaka mingi ilizuia na kuelekeza uuzaji wa mifugo yao, hatimaye iliunda Tume ya Nyama ya Kenya mwaka 1950 ikiwa na machinjio makubwa Athi River, jirani na Kitengela ya leo. Baada ya hapo ng'ombe wa nyanda za Kajiado aliyeuzwa aliweza kuishia chini ya kisu cha mchinjaji Mwislamu, nyama yake ikakaguliwa na ofisa wa mifugo na kupigwa mhuri. Ukaguzi huo ulileta mtazamo mpya wa mwili wa mnyama, kwa kuwa mkaguzi hutafuta ugonjwa ndani ya viungo na hulazimika kutaja kila kiungo kwa jina linalokubalika katika taarifa. Lugha ya taarifa, hata hivyo, ilikuwa Kiingereza, na katika mabucha ya miji ya Kajiado Kiswahili kiliendelea na majina yake ya kazi: mnofu, maini, figo, matumbo, mafuta, mfupa, na mishipa, neno la mwisho likijumuisha kila kitu chenye umbo la kamba ambacho mnunuzi hupenda kiondolewe katika nyama yake.

Kukosa jina la neva hakukuwa na maana kwamba watu hawakuyajua maradhi yake. Kiswahili kina msamiati mpana wa hali ambazo tabibu wa leo huziweka katika mfumo wa neva, na maneno hayo ni ya zamani kuliko neno neva lenyewe: ganzi ni kupotea kwa hisia katika kiungo, kupooza ni kupotea kwa nguvu ya kukitumia, kiharusi ni kupooza kunakomshika mtu ghafla, kifafa ni kuanguka na kutetemeka kunakorudia, degedege ni mtukutiko wa mtoto mwenye homa, na pepopunda ni kukaza kwa taya na mgongo kunakofuata jeraha. Kila jina limejengwa juu ya kile kinachoonekana au kinachodhaniwa kuwa kisababishi, na katika pepopunda na degedege mawazo ya pepo na ya ndege wa usiku bado yanasikika. Wafugaji na wakulima wa Kimana, wanaoishi karibu na mbwa, mbweha na nyoka, walijua pia mwendo wa maradhi haya. Walijua kwamba aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huweza kukaa majuma au miezi akiwa mzima kabla ya kushikwa, na kwamba sumu ya bafe huvimbisha na kuozesha mahali palipoumwa, ilhali ya koboko humlegeza mtu kope, ulimi na kifua mpaka anashindwa kupumua. Elimu ya leo inaeleza sababu: virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole ndani ya nyuzi za neva kutoka kwenye jeraha kuelekea ubongoni, kwa hiyo jeraha la usoni kwa kawaida huua mapema kuliko la mguuni, na sumu ya koboko hukatiza mawasiliano mahali neva inapokutana na msuli. Watu walikuwa na matokeo yote mkononi, na kilichokosekana ni kiungo kimoja cha kuyaunganisha.

Kamusi za kwanza zilizokusanya Kiswahili zilikiandika kile zilichokisikia. Wamisionari wa Kijerumani waliokaa Rabai ndio waliotangulia katika lugha zote mbili za habari hii: Johann Ludwig Krapf alichapisha msamiati wa lugha ya jamaa ya Kimaasai mwaka 1854, Jakob Erhardt akachapisha wake mwaka 1857, na kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ziliweka chini ya kichwa kimoja, mshipa, maana ya njia ya damu, maana ya neva, na maana ya maradhi kadhaa yanayouma au kuvimba, yakiwamo ngiri na busha. Msomaji anayezitazama leo anaweza kudhani kwamba huo ulikuwa upungufu wa lugha au wa waandishi, lakini kwa msemaji mwenyewe maana hizo zilikuwa na uhusiano: mshipa ni kitu kama kamba kinachopita ndani ya mwili, kinachoweza kujaa, kukaza, kuruka na kuuma, na maumivu yanayosafiri kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo yalionyesha wazi kwamba kuna kamba ya namna hiyo inayounganisha sehemu hizo mbili.

Lugha nyingine zilipita katika mkanganyo uleule. Neno la Kigiriki ambalo kwalo majina mengi ya kitaalamu ya neva yameundwa lilimaanisha kwanza ukano na uzi wa upinde, na nervus ya Kilatini, ambayo kupitia Kiingereza imekuwa neva ya Kiswahili, ilimaanisha ukano pia. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus na Erasistratus, matabibu wa Alexandria nchini Misri, ndio waliotenganisha neva na kano kwa kupasua miili na kuzifuata kamba hizo hadi ubongoni na kwenye ugwe mgongo. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Galen alionyesha kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza mara moja neva fulani nyembamba za shingo yake zinapofungwa au kukatwa, na hivyo akathibitisha kwamba sauti, ambayo wengi waliamini inaongozwa na moyo, huamriwa na ubongo. Galen alifundisha kwamba ndani ya neva hupita pumzi laini ya uhai, fundisho lililoifanya neva kuwa bomba, na fundisho hilo lilikaa zaidi ya miaka elfu moja. Waarabu, ambao kupitia kwao tiba ya Kigiriki ilifika katika vitabu vya Ibn Sina na hatimaye katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, walitumia neno asab kwa neva na pia kwa ukano. Kwa hiyo Kiswahili kilipoita neva mshipa kilikuwa kimechagua upande wa bomba badala ya upande wa uzi, na katika uchaguzi huo kilikuwa karibu na fundisho la Galen kuliko ilivyodhaniwa.

Upande wa uzi ndio ulioshinda katika elimu. Luigi Galvani alitangaza mwaka 1791 kwamba miguu ya chura aliyekufa hushtuka neva zake zinapoguswa na umeme, na mwaka 1850 Hermann von Helmholtz akapima mwendo wa ujumbe katika neva ya chura na kupata kiasi cha mita 27 kwa sekunde, mwendo mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Darubini zilionyesha kwamba neva si bomba moja, bali ni fungu la nyuzi nyingi sana, na kazi ya Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal, waliopewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906, ndiyo iliyowezesha kuonekana kwamba kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja ya neva. Uzi huo huitwa aksoni, na nyingi kati ya aksoni ndefu zimezungushiwa ala ya mafuta, myelini, ambayo huuharakisha ujumbe hadi kuzidi mita 100 kwa sekunde. Kwa maana hiyo ya kitaalamu, neva ni kamba iliyosokotwa na uzi wa neva ni uzi mmoja wa kamba hiyo, na nyuzi mbili zinazolala bega kwa bega zinaweza kuwa na kazi zinazopingana, moja ikipeleka habari ya maumivu juu na nyingine ikileta amri ya kukunja mguu chini.

Mfano mkubwa wa uzi wa aina hiyo unatembea katika hifadhi ya Kimana kila siku. Neva ileile ya sauti ambayo Galen aliikata katika nguruwe ipo pia katika twiga, na kwa kuwa katika wanyama wote wanaonyonyesha inashuka kutoka kichwani, inazunguka mshipa mkuu wa damu kifuani, kisha inapanda tena hadi kwenye koo, katika twiga mzima safari yake hufikia mita 4 au zaidi, ingawa ubongo na koo vimetenganishwa na umbali mdogo tu. Uzi mmoja wa neva hiyo hutoka katika seli moja isiyoonekana kwa macho. Mfugaji wa Kimana anayemtazama mnyama huyo akikata majani ya mgunga ana mbele yake jambo ambalo neno mshipa haliwezi kulieleza na ambalo neno uzi hulieleza vizuri, kwa sababu uzi ni kitu kinachoweza kuwa kirefu mno na bado kikawa kimoja.

Uundaji wa istilahi, yaani maneno rasmi ya taaluma, ulikuja baada ya uhuru na ulifanyika zaidi Tanzania, ambako Baraza la Kiswahili liliundwa mwaka 1967 na ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katika kazi za aina hiyo mshipa ulibakizwa kwa njia za damu, ukano kwa kifungo cha msuli na mfupa, na neva ikapewa nafasi yake pamoja na uzao wake: mfumo wa neva, seli ya neva, uzi wa neva. Sambamba na hilo liliendelea kutumika jina la maelezo, mshipa wa fahamu, ambalo lina faida ya kueleweka na mtu yeyote na hasara ya kuahidi mengi mno, kwani fahamu ni utambuzi wa akili, na neva nyingi hufanya kazi ambayo mtu haitambui kabisa, kama vile kuongoza mapigo ya moyo na mwendo wa chakula tumboni. Nchini Kenya Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi katika Katiba ya mwaka 2010, lakini sayansi imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kajiado hujifunza neva darasani kwa lugha moja na kuisikia nyumbani katika lugha nyingine mbili, na kazi ya kuunganisha majina hayo haijawekwa katika somo lolote.

Kazi hiyo huangukia zahanati. Mgonjwa anayesema kwamba mishipa inamsumbua anaweza kuwa na vena zilizovimba miguuni, ukano uliovutika shambani, ngiri, au neva zilizoharibiwa na ugonjwa wa sukari, ambazo huwaka kama moto nyayoni usiku kisha huacha ganzi. Mwuguzi naye anaposema sindano ya mshipa anamaanisha dawa inayoingizwa katika vena, tofauti na sindano ya nyama inayochomwa kwenye msuli. Katika sindano ya takoni ndipo hatari ya neno moja inapoonekana, maana pale mtoa huduma analazimika kuchagua upande wa juu na wa nje ili aikwepe neva kubwa ya mguu. Mshipa mmoja hutafutwa kwa sindano na mwingine huepukwa kwa sindano hiyohiyo, na mama anayesikia kwamba mtoto wake amechomwa mshipa ana haki ya kujua ni upi. Ukoma hutoa funzo la namna hiyo pia, kwa kuwa kidudu chake, kilichotambuliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hushambulia neva, na mganga huipapasa neva ya nyuma ya kiwiko kutafuta unene usio wa kawaida. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ugonjwa uko katika neva, si katika damu, ataelewa kwa nini kidole chake kiliungua jikoni bila yeye kuhisi, na kwa nini anatakiwa kuvikagua viungo vyake kwa macho kila siku.

Haifuati kwamba neno la zamani litupwe. Mshipa ndio mlango ambao mgonjwa huingilia, na tabibu anayeudharau hatapata habari anayoitafuta, kama vile mwuza dawa za mitishamba sokoni, anayetangaza dawa ya mishipa kwa kila anayepita, anavyojua vizuri kwamba neno hilo linakusanya maumivu mengi katika pumzi moja. Kinachohitajika ni kwamba baada ya mlango huo kuwe na vyumba, na kila chumba kiwe na jina: vena na ateri kwa damu, ukano kwa nguvu za kiungo, neva kwa hisia na amri, na uzi wa neva kwa ile njia moja ambayo ujumbe mmoja hupita. Wazee wa Kimana walitenga ukano na mshipa bila kitabu kwa sababu kimoja kiliwapa uzi na kingine kiliwapa damu. Neva imepata kazi yake sasa, katika mkono wa mwuguzi anayepima mahali pa kuchoma sindano, na kwa kanuni ileile iliyoyazaa majina ya viungo katika nchi hii, imestahili kuitwa kwa jina lake mbele ya mtu ambaye mwili ni wake.